Mpaka Yakauke

Mimi nina hasira za karibu. Nalisema mapema ili mtu asije akadhani anasoma habari za mchungaji mpole, mwenye sauti ya asali, anayekunja mikono juu ya tumbo na kutabasamu. Mke wangu husema Mungu aliponiita alikuwa anatafuta mtu wa kuwaamsha watu, si wa kuwatuliza. Nikigombana na fundi wa pikipiki hapo nje, yeye husimama mlangoni na kanga yake begani akanitania: "Baba Mchungaji, hiyo amani unayoihubiri inapatikana duka gani? Nenda ukajinunulie na wewe."

Nyumbani ni Korogwe, lakini usharika ninaouhudumia uko tambarare za Handeni, mbali na lami. Kwa miaka hii yote nimekwenda na kurudi kwa pikipiki, vumbi likinipaka nyusi kama mtu aliyeanguka kwenye unga. Washarika wangu karibu wote walikuwa wafugaji. Wanaimba kwa Kimaa, wanasikiliza mahubiri kwa Kiswahili, na mahubiri yakirefuka wanainuka kwenda kuangalia ndama. Kijiji chenyewe ni cha Wazigua, Waislamu, wakulima, waliokuwapo pale tangu enzi za mababu wa mababu zao. Wao walikuwa wakiniita "mchungaji wa wachungaji," yaani mchunga watu wanaochunga ng'ombe, na nilipopita mbele ya kibaraza cha duka hakukosekana mtu wa kuniuliza kama nimeshawaogesha kondoo. Nilikuwa nacheka. Sikukuu ya Iddi tulikuwa tukiletewa pilau, Krismasi wakija kula nyama. Maziwa yalikwenda jikoni kwao asubuhi, na mahindi yakaja kwenye maboma ya wafugaji jioni, na hakuna aliyeona kuwa hilo ni jambo la kuhubiriwa.

Kisha vuli ikakataa. Mawingu yalikuja, yakatutazama, yakapita zake kwenda milimani Usambara, kwetu nilikozaliwa. "Mchungaji, ndugu zako wanatuibia mvua," watu walisema, na mwanzoni ilikuwa utani. Baada ya muda niliona wanasema bila kucheka. Lambo la kunyweshea ng'ombe likakauka likabaki tope lenye nyayo. Malisho yakaisha kabisa, ardhi ikawa tupu kama ua uliofagiwa, na ng'ombe wakaanza kula maboksi na mifuko karibu na mnada.

Katika nchi hiyo yote palibaki kijani mahali pamoja tu. Mama mmoja wa Kizigua, mjane, alikuwa na shamba la mahindi bondeni, kando ya korongo. Mwanawe wa pekee alichimba visima vya mchanga kwenye korongo lile na kuyanywesha mahindi kwa ndoo, bua kwa bua. Watu walimwona kichaa. Lakini mahindi yakasimama, na jamani yalikuwa yanapendeza! Hata mimi nilikuwa nikifika pale napunguza mwendo wa pikipiki nipumzishe macho.

Mchana mmoja ng'ombe waliingia humo. Ng'ombe mwenye njaa hana mchungaji, na aliyekuwa nao alikuwa kijana, pengine alisinzia, pengine alifumba macho makusudi. Mimi sijui na sitasema nisilolijua. Mwana wa mjane akatoka na fimbo. Wakatukanana, wakashikana, na kijana mfugaji akainua rungu. Lilimpata mwenzake kichwani. Walimpakia kwenye gari la mkaa mpaka hospitali Korogwe, na huko akalala, macho yamefumba, hasemi. Aliyempiga alikimbia. Wengine walisema yuko Kiteto, wengine wakasema yuko Dar analinda geti la mtu.

Aliyebaki bomani ni mama yake. Huyo alikuwa mzee wangu wa kanisa. Kwetu mwanamke naye huitwa mzee wa kanisa akichaguliwa, na yeye alikuwa mzee kweli kweli: akisimama kutoa matangazo hata watoto wachanga walinyamaza. Mumewe amezikwa palepale nyuma ya boma, na watoto wake wote alizalia pale.

Kijiji kikaitisha mkutano. Kiongozi mmoja aliletwa kutoka mjini, akavua miwani akasema wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Babu mmoja wa Kizigua aliyekaa mbele akamjibu palepale: "Nyasi zenyewe ziko wapi, bwana mkubwa?" Watu walicheka, lakini kilikuwa kicheko kibaya. Vijana wakadai wafugaji wote waondoke kabla ya wiki kwisha, kwa hiari au kwa nguvu. Mimi nikainuka kusema habari za kusameheana. Sijamaliza sentensi, sauti ikatoka nyuma: "Mchungaji, kaa chini, kondoo wako wamekula mahindi yetu!" Damu ilinipanda kichwani. Nilikuwa na maneno tayari mdomoni, maneno ambayo hayaandikwi, nikayameza nikakaa.

Mwenye neno la mwisho pale alikuwa mjomba wa majeruhi, kaka wa yule mjane. Kwa Wazigua mjomba ni mtu mzito, mpwa ni wake kuliko unavyofikiri. Mkutano ulipotawanyika nilimfuata.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Hakuna njia, mzee wangu?"

"Mimi sina njia. Njia anayo dada yangu. Yeye akimpokea mama wa yule aliyempiga mwanawe akakaa naye mkeka mmoja, nani tena atainua fimbo? Akimkataa, basi tusilaumiane."

Nikaenda moja kwa moja kwa mzee wangu wa kanisa kumpa habari. Alikuwa ameshafikiria hilo kabla yangu. "Nipeleke kwa mama yule," alisema. "Lakini siwezi kwenda mikono mitupu. Lazima nishike majani."

"Hayo niachie mimi," nikamwambia.

Kesho yake nilikuwa na mazishi Hale, na wakati wa kurudi nilipita Segera, pale njia panda ambapo wachuuzi wanakimbizana na mabasi. Nikanunua paketi kubwa ya majani ya chai, ile nzuri, na sukari. Nilijisifu moyoni. Kwetu ukienda kumpa mtu pole unabeba majani na sukari, nani asiyejua? Nikamwona mama yule ni mwenye adabu kuliko Wakristo wenzangu wa mjini, wanaokwenda msibani wamebeba simu tu.

Nilipomkabidhi alipokea kwa mikono miwili, akanusa paketi, akasema, "Asante, Mchungaji," akanirudishia niibebe mimi. Niliona anatazama huku na huku chini, kama mtu aliyeangusha shanga. Nikadhani ni wasiwasi. Nikamwambia apande pikipiki, jua linakwenda.

Pikipiki tuliiacha kabla ya korongo, mchanga haupitiki. Mimi nilitangulia. Nilikuwa najifunza hotuba yangu njiani, nikitafuta aya itakayowafaa Waislamu na wakulima na watu wenye uchungu kwa pamoja, kazi ambayo ukiijaribu ukiwa unatembea juani utajua kwa nini manabii walikuwa wakali. Sikugeuka nyuma. Tulipita ukingoni mwa lile shamba, nikaona mabua yaliyolala na yaliyosimama, nikageuza uso kwa haya.

Uwanjani kwa mjane watu walikuwa wamejaa. Wanawake kwenye mikeka, wanaume kwenye viti na magogo, mjomba katikati. Nikatoa salamu, ikaitikiwa nusu nusu. Nilifungua mdomo kuanza hotuba yangu, na hapo nikaona hakuna anayenitazama. Wote walikuwa wanaangalia nyuma yangu.

Mzee wangu wa kanisa alikuwa anakuja polepole, ameinamisha kichwa, na mikononi, mbele ya kifua, ameshika fungu la majani ya mahindi. Mabichi. Yanang'aa.

"Hata leo?" mjomba alisema. Alisema taratibu kwanza, halafu akasimama. "Hata leo? Mtoto wetu hajafumbua macho na nyinyi bado mnakula shamba lake? Umekuja kutuonyesha?"

Uwanja ukalipuka. Wanawake walishika vichwa. "Yarabi, huyu ana moyo gani!" Kijana mmoja aling'oa mpini wa jembe, mwingine akamshika shati. Mimi nikapiga kelele, "Subirini! Subirini jamani!" huku nimeinua juu paketi ya chai kama mjinga, sijui nilidhani itafanya nini. Nikamgeukia mama, na nakiri kwamba sauti yangu ilikuwa kali kuliko za wote.

"Umefanya nini, mama?"

"Nilikwambia lazima nishike majani."

"Majani haya?"

"Mengine yako wapi, Mchungaji?" Macho yake yalikuwa yamejaa. "Nimetafuta tangu nyumbani. Nchi nzima hakuna jani. Nimeyakuta hapa tu."

Ndipo nilipoelewa. Kwao mtu anayeomba amani hung'oa majani ya malisho akayashika mkononi. Hata mtoto anayechapwa, akiwahi kung'oa majani, baba yake hushusha fimbo. Ni chakula cha ng'ombe, na ng'ombe ndiye uhai, basi anayeyashika ameshika uhai na haguswi. Nilikuwa nimekaa na watu hawa miaka yote hiyo, nimewabatiza, nimewaozesha, na aliponiambia majani mimi nikakimbilia dukani. Na yeye naye, katika uchungu wake, aliona kitu kimoja tu: kijani. Haikumjia kwamba kwa mkulima bua la mahindi si majani. Ni mtoto wa mtu.

Nilijaribu kuwaeleza haya wale watu. Maneno yalitoka yamepinda. Nani angesikia? Mjomba alikuwa ananyoosha kidole, kijana wa mpini alikuwa amejinasua. Nikasimama mbele ya mama yule, na nasema kweli, nilikuwa naogopa.

Mjane akatoka ndani. Alikuwa mwanamke mwembamba, amejifunga kaniki, na hakuwa amelala kwa siku nyingi, ilionekana. Watu walimpisha wenyewe. Hakunitazama mimi wala kaka yake. Alikwenda mpaka mbele ya mama mfugaji, akayatazama yale majani.

"Bua ulilolichuma lilikuwa limesimama au limelala?"

"Limelala. Lilikuwa limekanyagwa."

"Na ng'ombe wako."

"Na ng'ombe wangu."

"Mwanangu alikuwa akiyanywesha haya kabla hajanywa yeye."

Machozi yalikuwa yanamtoka mama mfugaji lakini mikono haikushuka.

"Mchungaji anasema kwenu ukishika hayo hupigwi."

"Ndiyo, mama. Sipigwi."

"Mpaka lini?"

Aliangalia chini, akaniangalia mimi, mimi nikaangalia pembeni. "Sijui," alisema mwisho. "Sijasikia mtu akiuliza."

Mjane alinyoosha mkono, akagusa jani moja kwa ncha za vidole, kama mtu anayepima homa. "Mpaka yakauke," alisema. Akawageukia watu wote. "Mmesikia? Asiguswe. Mpaka yakauke." Akaingia ndani, mlango ukafungwa.

Niliacha chai na sukari kwenye mkeka. Hakuna aliyevigusa.

Tulirudi mama mbele, mimi nyuma, na vijana wakatupisha njia. Hakuna aliyetutupia hata neno. Lakini jua la Handeni mnalijua. Kabla hatujafika kwenye pikipiki majani yalikuwa yameshaanza kujikunja kingo, na mama akayafunika kwa shuka lake kama mtoto mchanga. Bomani kwake aliyatia kwenye kikombe cha maji, katika nyumba ambayo watu walikuwa wanagawana maji kwa vikombe. Wazee wa boma wakaja, wakainama, wakayaangalia. Hawakujadili sana. Mjane ametupa muda, walisema, tumshukuru, ni mtu mwema, angeweza kutunyima hata huo. Mama yule alisema neno moja kwa Kimaa ambalo sikulishika, wakamkatiza. Wakaanza kuhesabu ndama watakaoweza kutembea na watakaochinjwa. Mimi niliwaombea. Nilisema Mungu awatangulie, na nilipokuwa nasema hivyo nilisikia kifua kikilegea, kwamba hakutakuwa na damu, kwamba nitalala. Nafuu ile inanisumbua mpaka leo.

Nilipokwenda tena, maboma yalikuwa matupu. Walikuwa wamebomoa milango wakaondoka nayo, miiba ya zizi wameiacha. Kaburi la mume wa mzee wangu wa kanisa lilikuwa limezungushiwa mawe mapya.

Na kijiji kikatulia, tuliii. Kila niliyekutana naye alinishika mkono. "Hongera, Mchungaji, amani imepatikana." Yule kiongozi wa mjini alinipigia simu kunisifu, eti mfano wa kuigwa. Jumapili nilisimama mbele ya mabenchi, na waliokuwapo ni mwinjilisti wangu na mkewe, na bibi mmoja asiyeona ambaye hakuwa na wa kumhamisha. Nilikuwa nimeandaa somo la heri wapatanishi. Nikalifunga, nikawaambia tuimbe tu. Kwa wiki nyingi niliomba nikiwa na hasira, ile hasira ya kumwuliza Mungu maswali kama mtu anayemhoji karani: amani ndiyo hii? Watu wakishahama, basi, wamepatana? Simu ya mzee wangu wa kanisa nilikuwa naipiga kila nilipopata mtandao. Haipatikani.

Mwana wa mjane aliamka. Nilikuwa wodini Korogwe kumwombea mgonjwa mmoja, nikasikia wauguzi wanasimuliana, nikaenda kumwona. Alikuwa ameegemezwa kwenye mito, mdomo umevutwa upande mmoja, anasema pole pole kama mtu anayejifunza kusoma. Mama yake alikuwa anamnywesha uji kwa kijiko. Nilikaribia kwa woga.

"Hodi, mama. Habari za mgonjwa?"

"Alhamdulillahi, unamwona mwenyewe." Akanisogezea kigoda kwa mguu. Alimaliza kumfuta mwanawe kidevu, ndipo akaniuliza, "Yule mama mbona haji?"

Sikumwelewa. "Mama yupi?"

"Mwenzangu. Wa majani."

"Walihama, mama. Wote. Ulisema mpaka yakauke."

"Nilisema."

"Ndiyo. Yakakauka."

Alinitazama kama ninavyotazamwa na mke wangu nikirudi sokoni nimesahau nilichotumwa. Kijiko kilibaki hewani.

"Majani yanakauka siku moja, Mchungaji, nani asiyejua? Si angechuma mengine? Shamba lilikuwa palepale. Siwezi kumsamehe mtu kwa siku moja, nilitaka aje tena, na kesho tena, mpaka nizoee." Sauti yake ilipasuka. "Nilikuwa nakaa mlangoni namngoja."

Nilitoa simu, nikaipiga tena ile namba.

Kijana aligeuza kichwa kwa shida. "Nani, mama?" aliuliza. "Unamngoja nani?"

Akakichovya kijiko kwenye uji. "Mgeni wangu," alisema. "Kula."